Lebo na Mwili wa Picha: Historia ya Kubadili Umbo la Video za Zamani na Funzo Lake kwa Hifadhi ya Kiswahili, kwa Mfano wa Chole, Mafia

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya umma ya taaluma za Kiswahili tumezoea kusikia juu ya lahaja, tenzi, usanifishaji na utungaji wa kamusi. Leo ninakusudia kuzungumzia umbo la picha ya video, yaani upana wake ukilinganishwa na kimo chake, na namna ya kulibadili au kulisahihisha umbo hilo katika mafaili ya zamani bila kupoteza ubora wa picha. Kwa mtazamo wa haraka hii ni kazi ya mafundi wa mitambo. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba suala hili limo ndani ya taaluma yetu, na kwamba tukiliacha mikononi mwa watu wengine tutapoteza sehemu ya ushahidi wa lugha ambayo haitapatikana tena.

Mfano wangu ni kisiwa cha Chole. Chole ni kisiwa kidogo katika ghuba inayobeba jina lake, mkabala na Utende katika kisiwa kikuu cha Mafia. Jirani yake ni Juani, penye magofu ya mji wa Kua. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka wa 1890 yalipoiweka Mafia chini ya Wajerumani, Chole ilikuwa makao ya utawala kabla ya makao hayo kuhamishiwa Kilindoni, na mabaki ya majengo ya enzi hizo yangalipo, yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Wengine wanaifahamu Chole kwa popo wake wakubwa. Mimi naiendea kwa sababu ya mafundi wake wa vyombo vya baharini, kwa kuwa fundi wa chombo ni miongoni mwa wasemaji ambao maneno yao hayatimii pasipo picha.

Mhadhara una sehemu nne. Kwanza nitaeleza kwa nini picha ni data ya lugha. Pili nitapitia kwa ufupi historia ya umbo la picha katika Afrika Mashariki. Tatu nitafafanua njia za kubadili umbo hilo, na kuonyesha ipi inapoteza na ipi haipotezi. Mwisho nitalinganisha kazi hiyo na kazi tunayoifahamu zaidi, yaani uhariri wa miswada ya Kiswahili, kisha nitatoa mapendekezo.

2.0 Neno "hivi" na Mkono wa Fundi

Tumchukulie fundi wa Chole anayemweleza mwanafunzi wake namna ya kuchonga taruma, yaani ubao uliopinda unaoshikilia ubavu wa chombo. Fundi hasomi mchoro. Anatamka sentensi kama hii: "Lianze pana hivi, likifika hapa lipinde hivi, halafu liishie pale." Mwanaisimu akiinukuu sentensi hiyo kutoka katika kinasa sauti atapata maneno kumi ya Kiswahili fasaha, lakini hatapata maana yake. Maneno "hivi", "hapa" na "pale" ni viashiria. Ngeli zake tunazijua, na sarufi zetu zimezieleza vizuri, lakini maudhui yake hayamo katika sauti. Yamo katika nafasi iliyopo baina ya mikono miwili ya fundi, katika kidole chake, na katika mpindo wa ubao ulio mbele yake.

Vipimo vya jadi vya pwani navyo ni hivyo hivyo. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni nafasi kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukikunjuliwa. Dhiraa ni mkono. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Hivi ni vipimo vya mwili, na anayevitaja aghalabu huvionyesha. Kamusi inaweza kutueleza kwamba mkuku ni uti wa chini wa chombo, kwamba omo ni mbele na tezi ni nyuma, kwamba foromali hubeba tanga. Haiwezi kutueleza uhusiano wa urefu wa mkuku na kimo cha ubavu katika mashua aliyoiunda fundi fulani, na hali uhusiano huo ndio unaomwezesha mwenyeji wa Mafia kusema kwa mbali kwamba kile ni jahazi, ile ni mashua, ile ni ngalawa. Majina ya vyombo yanatofautisha maumbo, na umbo ni uwiano.

Hapo ndipo picha ya video inapopata uzito. Aidha, Mafia ina lahaja zake, mojawapo ikiwa Kingome, ambayo Ahmad Kipacha aliichapishia orodha ya msamiati katika jarida la Swahili Forum mwaka wa 2004. Orodha ya namna hiyo ni hazina. Lakini kila neno la ufundi lililomo katika lahaja linahitaji kifaa chake, mkono wake na tendo lake, na hayo hukaa katika picha. Endapo picha imenyooshwa kiupana, "hivi" ya fundi itasema uongo. Endapo picha imekatwa juu na chini, huenda mikono yake isionekane kabisa.

3.0 Historia Fupi ya Umbo la Picha

3.1 Filamu

Umbo la upana wa nne kwa kimo cha tatu, yaani 4:3, limetokana na filamu ya milimita 35 iliyobuniwa na W. K. L. Dickson katika karakana ya Thomas Edison, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Filamu ya milimita 16, iliyoingizwa sokoni na Kodak mwaka wa 1923, ilifuata umbo lililo karibu sana na hilo. Kwa sababu ya wepesi na unafuu wake, filamu hii ya milimita 16 ndiyo iliyoingia vijijini kwetu.

Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouendesha, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walipiga filamu za milimita 16 na kuzisafirisha katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati, huku maelezo yakitolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine kupitia santuri. Madhumuni ya mradi yalikuwa ya kikoloni, na uhakiki wake ni mada ya siku nyingine. Kwa mhadhara huu yatosha kutambua kwamba tangu hapo picha na sauti ya Kiswahili vilikuwa vitu viwili vilivyoweza kutenganishwa, kila kimoja na chombo chake.

Mafia nayo ilipigwa picha. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa kikuu mwaka wa 1965, alirejea huko mwaka wa 1976 pamoja na wapiga picha wa BBC, na matokeo yake yakawa sehemu ya mfululizo wa vipindi ulioitwa Face Values, ulioonyeshwa Uingereza mwaka wa 1978. Televisheni ya wakati huo ilikuwa ya 4:3, na watengenezaji walipanga kila kitu kwa fremu hiyo: nani aingie, nani abaki nje, mkono uishie wapi.

3.2 Televisheni na kaseti

Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka wa 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Katika muda huo wote na hata baadaye, kaseti ya VHS ilikuwa maktaba ya watu: arusi, maulidi, ngoma, mashindano ya ngalawa na hotuba zilihifadhiwa humo. Miaka ya 2000 ikaleta diski za VCD, ambazo kwa mfumo wetu wa PAL zilikuwa na nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo, kisha DVD zenye nukta 720 kwa 576. Katika Mafia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari mwaka wa 1995 kulivuta watafiti na wageni, na kamera zao pamoja nao.

Msikilizaji makini atakuwa ameanza kupiga hesabu. Ukigawanya 720 kwa 576 hupati nne kwa tatu, bali tano kwa nne. Ukigawanya 352 kwa 288 nako hupati nne kwa tatu. Sababu ni kwamba nukta za video hizi, zinazoitwa pikseli, si za mraba. Mwaka wa 1982 shirika la kimataifa la mawasiliano ya redio lilitoa pendekezo lililokuja kujulikana kwa namba yake, 601, lililoweka kiwango kimoja cha kuipima ishara ya televisheni ili nchi za mfumo wa mistari 625, kama zetu, na nchi za mfumo wa mistari 525, kama Marekani, zitumie mitambo inayokaribiana. Hesabu ya sampuli 720 kwa kila mstari ilikuwa suluhu baina ya pande mbili. Sisi tunaosoma historia ya lugha tunaitambua sura ya makubaliano kama hayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Kila usanifishaji huleta manufaa, na kila usanifishaji huacha kitu kinachohitaji maelezo.

3.3 Umbo jipya

Umbo la 16:9 lilipendekezwa na mhandisi Kerns Powers katika miaka ya 1980 kama kipimo cha katikati baina ya 4:3 na filamu pana za sinema. Mkataba wa Geneva wa mwaka wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa kulinda matangazo ya analojia katika nchi nyingi, na Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Leo runinga inayouzwa madukani ni ya 16:9, na simu ya mkononi hupendelea picha ndefu iliyosimama. Picha ya 4:3 imekuwa mgeni ndani ya kioo kisichokuwa chake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwenye duka la kunakili kaseti, mtangazaji anayetafuta picha za kale, mtoto anayewatengenezea wazazi wake nakala ya arusi yao, wote hao hukutana na picha isiyojaza kioo, na wote hupenda ijae.

4.0 Njia za Kubadili na Hasara Zake

4.1 Kunyoosha

Njia ya kwanza ni kuinyoosha picha kiupana. Tuseme tunayo video ya PAL yenye kimo cha mistari 576. Ikionyeshwa kwa 4:3 upana wake sahihi katika nukta za mraba ni 768. Ikinyooshwa kujaza 16:9 upana unakuwa 1,024. Ongezeko ni theluthi moja. Nyuso hunenepa, na mwezi mpevu unakuwa yai. Chombo ambacho urefu wake ulikuwa mara tatu ya kimo chake sasa kinaonekana kuwa mara nne. Mtafiti wa mwaka wa 2060 atakayepima picha hiyo kwa rula ataandika kwamba vyombo vya Chole vilikuwa virefu na vyembamba kuliko vilivyokuwa, na hatakuwa na sababu ya kutilia shaka alichokiona kwa macho yake. Shibiri ya fundi iliyoonyeshwa kwa ulalo itakuwa imekua kwa theluthi, huku ile iliyoonyeshwa kwa wima ikibaki ilivyo. Katika mazungumzo yale yale neno "hivi" litakuwa na vipimo viwili.

4.2 Kukata

Njia ya pili ni kuikata juu na chini. Ili picha ya 768 kwa 576 iwe 16:9, kimo chake lazima kishuke hadi mistari 432. Mistari 144 inatupwa, ambayo ni robo kamili ya picha. Nyuso hazinenepi, na kwa sababu hiyo watu wengi huiona njia hii kuwa ya heshima zaidi. Lakini mtu anayezungumza huwa na kichwa karibu na ukingo wa juu na mikono karibu na ukingo wa chini. Katika picha ya fundi anayechuchumaa mbele ya mkuku, robo inayotupwa ndiyo inayoweza kubeba tezo iliyo mkononi mwake na ubao anaoutaja. Kosa la kunyoosha linaweza kurekebishwa endapo kiasi kinajulikana; kilichokatwa hakirudi.

4.3 Kusimba upya

Njia zote mbili zina hasara nyingine iliyojificha. Video nyingi zilizomo katika diski na kompyuta zetu zimebanwa. Mfumo kama MPEG-2 unaotumiwa na DVD huigawa picha katika vipande vidogo vya nukta nane kwa nane, hukadiria kilichomo ndani ya kila kipande, na hutupa kile ambacho jicho halitarajiwi kukigundua. Ili kunyoosha au kukata picha kwa kudumu, programu hulazimika kukifungua kilichobanwa, kukibadili, kisha kukibana tena. Kila mbano hukadiria juu ya makadirio ya awali. Ni sawa na mnakili anayenakili nakala ya nakala: hata akiwa mwaminifu, makosa ya waliomtangulia yanakuwa matini yake, naye huongeza ya kwake.

Fauka ya hayo, picha ya PAL kwa kawaida haina fremu 25 nzima kwa sekunde. Ina nusu-fremu 50, moja ikibeba mistari ya shufwa na nyingine ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Anayebadili kimo cha picha kama hiyo bila kwanza kuzitenganisha nusu hizo huichanganya mistari ya wakati mmoja na ya wakati mwingine, na kila kinachosogea, ukiwemo mkono unaopunga na midomo inayotamka, hutokea na meno kama ya kitana. Kwa anayechunguza matamshi kwa kutazama midomo, hiyo ni hasara ya data yenyewe.

4.4 Kubadili lebo

Ipo njia ya tatu, nayo haigusi mwili wa picha hata kidogo. Faili la video lina sehemu mbili. Kuna mkondo wa picha zilizobanwa, ambao ndio mwili. Na kuna maelezo mafupi yanayokiambia kifaa namna ya kuuonyesha mwili huo, ambayo hapa nitayaita lebo. Ndani ya mkondo wa MPEG-2, kwa mfano, tarakimu moja tu hueleza umbo: namba 2 inamaanisha 4:3, na namba 3 inamaanisha 16:9. Nukta ni zile zile 720 kwa 576 katika hali zote mbili. Ikiwa mnakili alibonyeza kitufe kisicho sahihi na diski ikaandikwa 3 badala ya 2, watu wote watanenepa kwenye kioo, ingawa picha iliyomo ndani ni nzima kabisa.

Ugonjwa huo unatibika bila kupasua. Programu huria kama FFmpeg, iliyoanza mwaka wa 2000, inaweza kuamriwa kunakili mkondo wa picha na wa sauti kama ulivyo, biti kwa biti, na kuandika lebo mpya ya umbo. Kwa mafaili ya kasha la Matroska, zipo zana zinazoandika upya lebo ya nje ndani ya faili lenyewe kwa sekunde chache. Kazi inakwenda haraka kwa sababu hakuna kinachobanwa upya, na ubora haupungui kwa sababu mwili haukuguswa.

Ni lazima kutahadharisha jambo moja. Lebo zaweza kuwa mbili: moja ya nje, katika kasha la faili, na nyingine ya ndani, katika mkondo wa picha. Amri ya kunakili iliyo ya kawaida hubadili ya nje na kuiacha ya ndani. Zikipingana, kifaa kimoja hufuata hii na kingine hufuata ile, na faili moja linaonekana sahihi ofisini na kupotoka nyumbani. Kwa hiyo anayesahihisha hana budi kuzikagua zote mbili. Ya ndani nayo hubadilishwa bila kubana upya, kwa vichujio maalumu vya mkondo vilivyomo katika programu hizo hizo.

Njia hii ina mpaka wake. Lebo husahihisha picha iliyotambulishwa vibaya. Haiwezi kuirejesha picha ambayo tayari ilikatwa, wala haiwezi kuipa picha ya 4:3 upana ambao kamera haikuuona. Picha iliyonyooshwa kabla ya kubanwa inaweza kurudishiwa umbo kwa lebo, lakini ukungu ulioingia wakati wa kubanwa utabaki.

5.0 Mhariri wa Miswada na Mhariri wa Video

Wenzangu wa fasihi watakuwa wameshaona ninakoelekea. Ubeti wa utenzi wenye vipande vinne vya mizani minane ulizoeleka kuandikwa kwa herufi za Kiarabu katika mistari mirefu, vipande vikiwa vimepangwa kando kwa kando. Wahariri waliochapisha kwa herufi za Kirumi wakauvunja mstari huo na kukiweka kila kipande katika mstari wake. Hapo umbo la ukurasa lilibadilika ilhali hakuna silabi iliyopotea. Mpangilio ni lebo: unamwambia msomaji namna ya kusoma.

Kubadili hati ni jambo jingine. Hati ya Kiarabu kwa desturi yake ya zamani haikutofautisha irabu "e" na "i", wala "o" na "u", na baadhi ya konsonanti zetu zilishirikiana herufi moja. Anayezigeuza kuwa herufi za Kirumi analazimika kuamua, na uamuzi wake unaingia katika matini. Akiamua kwa masikio ya Kiunguja, neno la lahaja nyingine linaweza kuvaa sauti ambayo mtunzi hakuitamka. Huko ndiko kusimba upya. Kazi hiyo ni ya lazima na tunawashukuru walioifanya, lakini kanuni ya uhariri inadai kwamba mswada wenyewe ubaki, uhifadhiwe na uweze kurejelewa. Pasipo mswada, makadirio ya mhariri yanageuka kuwa maneno ya mtunzi.

Ni jambo la kufurahisha kwamba waliotutangulia waliuona uhusiano huu. J. W. T. Allen alipochapisha mwaka wa 1970 orodha ya makusanyo ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti katika kitabu kimoja. Kanda ilikaa rafu moja na mswada. Ninachopendekeza ni kuendeleza mantiki hiyo hadi kwenye video: faili la kwanza lililotolewa katika kaseti ni mswada, na kila kinachofuata ni toleo lililohaririwa.

6.0 Haki ya Mtazamaji

Hoja moja dhidi ya msimamo wangu ina nguvu, nami sitaki kuipita. Picha za Mafia si mali ya watafiti peke yao. Wapo watoto na wajukuu wa waliopigwa picha, nao wana haki ya kuwaona wazee wao katika runinga waliyonayo sebuleni. Mtu akiona michirizi miwili myeusi pembeni mwa picha hudhani kifaa kimeharibika, au hudhani amepewa nakala ya chini. Je, ni haki kumwambia mjukuu kwamba usahihi wa mwanaisimu una thamani kuliko furaha yake?

Jibu langu ni kwamba mgongano huu unatokea pale tu tunapokubali kuwa na nakala moja. Katika kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, picha ya 4:3 iliyoonyeshwa kwa usahihi huchukua nukta 1,440, na kila upande hubaki mchirizi wa nukta 240. Michirizi hiyo huwekwa na runinga yenyewe wakati wa kuonyesha, wala haihitaji kuchomwa ndani ya faili. Anayetaka kuikata nakala yake ya nyumbani na aikate. Itakuwa nakala ya matumizi, kama kitabu cha shule kilichofupishwa. Hasara huanza pale kaseti inapotupwa na faili la kwanza linapofutwa baada ya "kuboreshwa". Kwa uzoefu wangu hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri, kwa sababu ndogo kabisa: diski ya kompyuta imejaa.

Na sababu hiyo nayo ni ya kweli. Saa moja ya video ya PAL isiyobanwa huhitaji takriban gigabaiti 75. Mbano usiopoteza kitu, kama ule wa FFV1 ulioanza kuendelezwa mwaka wa 2003 na kuandikiwa waraka rasmi wa kiufundi mwaka wa 2021, hupunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa huku ukiwezesha kila nukta kurudishwa ilivyokuwa. Gharama yake bado ipo. Lakini tunapojadili gharama hatuna budi kuiweka kando ya thamani ya kilichomo. Mti wa kuchongea unaadimika, mashine inachukua nafasi ya tezo, na boti za faiba zinachukua nafasi ya mashua. Chombo cha mbao kikikosa wa kukishua, maneno yake yatabaki katika kamusi kama magofu ya Kua: yanaonekana, lakini hakuna anayeishi humo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kwa muhtasari, nimeeleza kwamba umbo la picha ni sehemu ya maana ya usemi uliorekodiwa. Kwamba umbo hilo lina historia ya makubaliano ya kiufundi ambayo imetuachia mafaili yenye kuhitaji maelezo. Na kwamba kati ya njia za kulibadili, ni ile ya kusahihisha lebo peke yake isiyopoteza chochote. Kutokana na hayo napendekeza mambo manne.

Mosi, kila mtafiti anayekabidhi video ya lugha aandike katika shajara yake umbo halisi la picha, mfumo wa kamera na aina ya mkanda, kama anavyoandika umri na mahali alipozaliwa msemaji. Pili, kabla ya faili lolote la zamani kubadilishwa, lebo zake zote mbili zikaguliwe kwanza, kwani yawezekana tatizo lote limo katika tarakimu moja. Katika kukagua, kitafutwe kitu cha duara ndani ya picha, kama kinu, sufuria au gurudumu la baiskeli; kilichopigwa kwa kukitazama moja kwa moja kikionekana yai, umbo limepotoka. Tatu, faili la kwanza lihifadhiwe bila kuguswa, na kila nakala ya matumizi itajwe kuwa ni nakala. Nne, somo la utunzaji wa rekodi lifundishwe pamoja na isimu ya uwandani katika idara zetu, ili mwanafunzi anayekwenda Chole ajue kwamba kazi yake haiishii pale kamera inapozimwa.

Lipo pia suala la istilahi, ambalo Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za vyuo vikuu zina wajibu nalo. Katika mhadhara huu nimetumia "umbo la picha", "lebo", "kasha", "mkondo" na "kusimba upya". Sidai kuwa ni maneno bora. Nadai tu kwamba fundi wa kunakili kaseti anahitaji maneno ya kuuliza, maana asiyeweza kulitaja kosa hawezi kuagizwa kulisahihisha. Mafundi wa vyombo wa Chole walikuwa na jina kwa kila ubao, na kwa sababu hiyo waliweza kumwambia mwanafunzi ni upi uliopinda.